Barua ya wazi kwa wanangu wavuvi: huo wimbo wa mama

Wanangu mlioko kambini kwenye visiwa vya Ukara, Irugwa, Kome na Juma, Ziwa Victoria, na ninyi mnaoshusha mizigo hapa Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki Mwanza, nawasalimu. Nauza dagaa tangu enzi za karabai, kabla hamjaanza kuvulia taa za sola, kwa hiyo niruhusuni niseme nanyi kama mama yenu.

Siku hizi boti ikifika tu nasikia wimbo uleule kwenye simu zenu. Kijana anamwahidi mama yake nyumba ya tofali, bati jekundu, maji ya bomba uani na gari la kumpeleka kanisani. Anamwomba avumilie kidogo. Mnabishana maana yake: huyu anasema ni wa kumsifu mama, yule anasema jamaa anajigamba tu. Sikio langu linasikia mengine. Namsikia mdaiwa anayeomba aongezewe muda.

Usikilizeni vizuri. Ahadi zote zinangoja siku atakapopata. Hakuna ubeti anaosema jana nilikupigia, au nimekutumia ya sukari. Na mama mwenyewe hasemi neno toka mwanzo hadi mwisho. Hatujui hata kama hilo gari analitaka.

Simlaumu kijana wa wimbo. Mtoto akimwahidi mama yake nyumba, mama anafurahi, anawasimulia wenzake kisimani kabla hata tofali moja halijafyatuliwa. Shida inakuja baadaye, na ninyi mnaijua kuliko mimi.

Giza, zile siku zisizo na mbalamwezi mnapovua dagaa, likiwa baya, dagaa hawaonekani, tajiri mwenye mtumbwi anakata mafuta, anakata chakula, anakata na ile uliyokopa, unabaki na elfu kumi na tano. Wewe uliahidi nyumba. Utaingiaje kwa mama na elfu kumi na tano? Unajiambia, ngoja giza lijalo. Nalo linakuwa vilevile. Simu ya mama inaita, unaitazama mpaka inakatika, si kwamba humpendi, ila hujui utamwambia nini. Mwaka unapita. Nimewaona vijana wachapakazi, wenye heshima zao, waliokaa visiwani namna hiyo mpaka habari ya msiba ikawafuata kambini. Hakuna kati yao aliyemsahau mama yake. Ile nyumba waliyoiahidi ndiyo iliyowazibia njia ya kurudi.

Ninyi wa sangara msidhani nawaacha. Bondo moja, kile kibofu cha hewa cha sangara, likipata bei nzuri, mtu anamwahidi mama yake ghorofa.

Mpunguzieni mama ahadi, mwambieni ukweli wa ziwa: mama, giza hili hatukupata. Wengi wa mama zenu ni wakulima wa Kwimba, Magu, Misungwi na Sengerema. Mvua ikigoma wanakosa chakula, hawana haja ya kufundishwa msimu mbaya ni nini. Atakuelewa haraka kuliko tajiri wako. Ukituma, tuma hata elfu tano, lakini weka na ya kutolea. Mama mzee kutembea mpaka kwa wakala, halafu makato yamlie hela ya sukari, inauma.

Na mbalamwezi mnayo. Kila mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapandishwa mchangani, mnashinda kambini kwenye karata na jioni pesa inaishia baa. Siku hizo mpeni mama. Mvua za vuli zikianza, jembe lako shambani kwake lina faida kuliko bati jekundu la kwenye wimbo. Mpeleke akapimwe presha. Kaeni chini, muulize yeye anataka nini. Huenda ni chandarua. Huenda ni mlango wa jikoni ambao haufungi tangu mwaka juzi.

Nyumba nayo jengeni, sikatazi hata kidogo. Mwenye nia afyatue tofali mwenyewe mbalamwezi za kiangazi, chache chache, azipange uwanjani mama azione kwa macho yake.

Na wewe uliye Irugwa, ambaye hujapiga simu nyumbani muda mrefu, mpigie leo kabla hamjasukuma mtumbwi. Akikuuliza habari za nyumba, mwambie bado.

Mama yenu wa Mwaloni