Mkono haujui leo ni siku gani

Hamisi mwanangu,

Niaje kaka, wazima huko? Samahani nimechelewa kujibu, kazi za zamu hizi zinamaliza mtu. Uliniuliza kama bado nacheza pingipongi. Nacheza, ila nimejiingiza kwenye matatizo ya kujitakia. Huku Houston kuna wazee wanacheza na hadibati, yani raketi ya mbao yenye raba ya vipele tu juu, sponji hamna kabisa. Jumanne nacheza na hao, Alhamisi narudi kwa vijana wa sponji, yani raketi za kisasa zenye sponji chini ya raba.

Siku ya kwanza nilijua ntawamaliza. Mzee mmoja namkadiria miaka 70, goti kalifunga bendeji, nikampigia ile servi yangu ya spini ya pembeni unayoijua we, mpira unazunguka kama pia, akairudisha kama anapokea kikombe cha chai. Mi kila nikiusugua mpira nikitegemea utadumbukia mezani, unaenda zake nje. 21 kwa 9. Ndio, wenyewe bado wanacheza mpaka pointi 21 kama sisi enzi zile, hii ya 11 iliyokuja 2001 hawana habari nayo.

Ilinichukua kama mwezi kuelewa. Sponji inaumeza mpira kwanza alafu ndo inautema, kwaio unafunga uso wa raketi unausugua. Hadibati haimezi kitu, unaufungua uso kidogo unaupiga mpira wenyewe, na miguu lazima iwe imeshafika maana ukichelewa hakuna spini ya kukuokoa. Kumbe miaka yote hii miguu yangu ilikua inabebwa na raba!

Balaa sasa ni kurudi. Alhamisi dogo mmoja kanipigia topspini, yani mpira unaozunguka kwenda mbele, mi nimeweka raketi wazi kama ya Jumanne, mpira ukapanda mpaka kwenye taa. Wa pili, taa. Wa tatu meza ya jirani wakaacha kucheza wanatuangalia sisi. Sa hivi nimejiwekea dakika 20 za kupasha, topspini tupu bila kuhesabu, na bado tukifika 9 kwa 9 mkono unarudi kwa wazee.

Wenyewe ukiwagusa wanaanza na 1952, mashindano ya dunia Bombay, Mjapani Hiroji Satoh alivyokuja na raketi ya sponji nene akabeba ubingwa. Marty Reisman wa Marekani alikua mmoja wa waliochapwa na hiyo sponji, na hakuisamehe mpaka anakufa. Mwaka 1997, ana miaka 67, akachukua ubingwa wa taifa wa hadibati. Kilichomuuma zaidi ni kwamba sponji haina mlio, husikii mwenzio kaupigaje mpira. Mi nilidhani ni visingizio vya aliyefungwa, mpaka nilipocheza nao.

Maana ule mlio, Hamisi! Ko, ko, ko. Nikajikuta niko nyuma ya madarasa, matofali katikati ya meza badala ya neti, na zile raketi za plaiwudi alizotukatia fundi seremala. We ulikua unajua mpira wangu unatoka nje kabla haujatua, kwa kusikia tu, alafu unaanza kucheka.

Ya kwako bado ipo? Ya kwangu mama aliigeuza kifuniko cha mtungi. Nikija Desemba usihangaike kununua raba, we itafute hiyo plaiwudi. Na matofali mawili.

Wako,
Saidi