Shukrani kwa mzee wa laga ya Milgis

Mzee wetu, hatukukuuliza jina, na jambo hilo linatuuma mpaka leo. Sisi ni wale wa magari manne tuliokwama kwenye laga ya Milgis, yaani mto wa msimu uliokauka ukabaki mchanga, kule Samburu, chini ya milima ya Ndoto. Gari la mbele lilikuwa limezama mchangani hadi ekseli. Giza lilikuwa linaingia, tumechoka, tukaamua kupiga hema palepale na kulichimbua asubuhi. Mchanga ulikuwa mkavu na laini kama godoro.

Ukaja na mbuzi wako, shuka begani. Ukatazama umeme uliokuwa ukimulika mbali milimani, ukatuambia, "Watoto wangu, hapa ni njia ya maji. Hamlali hapa."

Ukatufanya tupunguze upepo wa tairi zote. Ukakata makuti ya mkoma, ukayapanga mwenyewe chini ya magurudumu, kisha ukasukuma pamoja nasi, kwa umri wako ule! Hukuondoka mpaka gari la mwisho likapanda ukingoni.

Usiku wa manane tukasikia mngurumo. Maji ya tope yakapita na magogo pale pale tulipotaka kulaza watoto, na kwetu halikuwa limeanguka tone hata moja la mvua.

Fedha ulikataa. Ulipokea sukari na majani ya chai tu. Tukirudi, wa kwanza kutafutwa ni wewe.

Ashe oleng, yaani asante sana kwa Kisamburu, mzee wetu.