Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Ukweaji na Ukataji Salama wa Miti kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wakufunzi wetu,
Wazazi, walezi na wageni waalikwa,
Mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wahitimu wenzangu, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuketi nasi. Tumeambiwa kwamba miongoni mwa majukumu yako ni kuidhinisha kazi za miti kando ya barabara, shuleni na kwenye majengo ya umma. Basi risala hii haitakuwa ya shukrani tupu. Tuna ombi, nalo linamhusu mtu mmoja, mpandaji wa uokoaji anayesubiri chini, ambaye kwenye kila kazi ya miti huonekana kama amekaa bure.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuanzie mwanzo. Tulifika hapa tukidhani siku ya kwanza tutakabidhiwa misumeno. Wiki mbili hatukuigusa. Tulifundishwa kuzunguka mti: mzunguko wa kwanza macho yako kwenye mizizi na shina, wa pili kwenye matawi, na wa tatu kwenye kila kitu kisicho mti, yaani nyaya, paa, ukuta na njia ya wapita njia. Tukajua kwamba uyoga mgumu, ule unaojitokeza shinani kama kirafu, huwa ni dalili kwamba ndani kuna uozo hata kama juu majani yamestawi. Ufa kwenye udongo upande mmoja wa shina hutuambia mizizi imeanza kulegea. Tuligonga mashina kwa nyundo na kusikiliza, na baada ya siku kadhaa hata sisi tusio na sikio la muziki tuliweza kutofautisha shina zima na lile lililo tupu kama ngoma.

Kuhusu nyaya tutasema machache, kwa sababu kanuni yenyewe ni fupi. Mti mbichi una maji, na maji hayo hupitisha umeme. Kamba iliyolowa nayo haikuachi salama. Tena si lazima uuguse waya, maana umeme wa msongo mkubwa unaweza kuruka. Nchini Marekani, mkata miti asiye na mafunzo ya umeme hatakiwi kusogea ndani ya futi 10, kama mita 3 hivi, kutoka kwenye waya wa hadi kilovolti 50, na umbali huo unahesabiwa pamoja na kifaa alichoshika mkononi. Sisi tumefundishwa kwamba mti ulio ndani ya nyaya haukwewi mpaka wenye nyaya wafike na kuzima umeme. Mwenye nyumba akikuhimiza, mwache ahimize.

Ndipo ukaja msumeno wa mnyororo. Mnyororo wake hukimbia mita 20 na zaidi kwa sekunde moja. Ukigusisha kwenye mbao robo ya juu ya ncha ya bapa lake, yaani kile chuma kirefu ambacho mnyororo hukizunguka, meno hushindwa kukata, nguvu yote inageuka, na msumeno unakurushia teke usoni. Hakuna mwanadamu mwenye mkono wa haraka kuliko teke hilo. Kinachokuokoa ni ulichofanya kabla: mikono miwili kwenye mashine, dole gumba la kushoto limezunguka mpini, kichwa kiko pembeni ya mstari wa bapa, na breki ya mnyororo ulihakikisha asubuhi kwamba inanasa. Nguo za kazi mmeziona kwenye meza ya maonyesho. Suruali ile nzito, kwa mfano, haizuii mnyororo kwa ugumu wake. Ndani yake mna nyuzi ndefu ambazo zikikatwa hutoka, hujizonga kwenye gia inayozungusha mnyororo, na kuusimamisha. Ikishafanya kazi hiyo mara moja, inatupwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, juu ya mti mambo ni mengine. Kamba ya kupandia hushikwa na fundo la msuguo, fundo ambalo ukilielemea linabana na ukilipunguzia uzito linateleza. Mojawapo ya mafundo hayo lina jina la mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, aliyelieleza mwaka 1931, na mpaka leo tunalifunga. Kanuni tuliyoimba asubuhi na jioni ni kwamba ukiwasha msumeno juu ya mti, uwe umeshikwa sehemu mbili, kamba kuu pamoja na mkanda wa pili wenye waya wa chuma ndani.

Mwenzetu mmoja, na yumo humu ukumbini anacheka, alisahau mkanda wa pili. Filimbi ilipulizwa akashushwa. Mkufunzi hakumkaripia. Alichukua kipande cha kamba ileile, akaning'iniza gogo dogo mpaka kamba ikakaza, halafu akaigusa kwa msumeno wa mkono, ule mdogo uliopinda. Aliupitisha mara moja tu. Gogo lilikuwa chini kabla hatujaelewa tumeona nini. Tangu siku hiyo hatujahitaji filimbi.

Tulijifunza pia kukadiria uzito, somo ambalo lilitunyenyekeza. Gogo bichi lenye kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa mita 1 tu linaweza kukaribia kilo 200. Ukiliacha lianguke nusu mita kabla kamba haijalidaka, kamba haibebi tena kilo 200, inabeba mara kadhaa ya hapo, na mzigo huo unashuka kwenye tawi lilelile ulilojifunga wewe. Kwa hiyo tunakata vipande vifupi, na mtu wa chini anaachia kamba polepole badala ya kuikaba ghafla. Mti unaoangushwa mzima nao una adabu zake. Kabla ya kukata unatafuta njia ya kutorokea, ya kurudi nyuma kwa mshazari, na wasiohusika wanakaa mbali angalau urefu wa mti mara mbili. Mdomo, yaani pengo la umbo la kabari, unakatwa upande wa kuangukia, kisha mkato wa nyuma, na katikati yake unaacha bawaba ya mbao yenye unene wa kama sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Bawaba hiyo ndiyo inayouongoza mti wakati wa kuinama. Fundi mwenye pupa huikata yote, kisha mti unajichagulia pa kwenda.

Na mti wenyewe, je? Mtaalamu wa Marekani, Alex Shigo, alipasua miti kwa maelfu ili aone ndani yake, na mwaka 1977 akaeleza kwamba mti haujiponyi kama ngozi ya mtu. Unachofanya ni kujenga kuta na kulifungia jeraha ndani. Ndiyo maana tawi tunalikata nje kidogo ya ule uvimbe ulio shingoni mwake, wala hatulikati sawasawa na shina. Tawi zito tunalikata mara tatu: kwanza kwa chini, mbali kidogo na shina, pili kwa juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, ili likianguka lisichune gome mpaka chini, mwisho tunasafisha kishina kilichobaki. Kupaka rangi au lami kwenye jeraha hakusaidii kuzuia uozo. Tunajua wateja wengi hupenda kuona rangi hiyo. Tutawaeleza kwa upole.

Sasa tumfikie yule mtu wetu.

Mpandaji akizirai juu, au msumeno ukimkata mkono, hawezi kujishusha. Akibaki ananing'inia bila kusogea kwenye mkanda, damu hukwama miguuni, na ndani ya dakika chache anaweza kupoteza fahamu na hata maisha. Gari la wagonjwa likifika, wauguzi wake hawapandi miti. Zimamoto wana ngazi, lakini ngazi haifiki penye bustani ya nyuma yenye ukuta. Anayeweza kumfikia ni mpandaji wa pili, aliyefunzwa, ambaye tangu asubuhi amevaa mkanda wake, kamba yake ya uokoaji imeshatundikwa au iko tayari miguuni pake, na bandeji ya kuzuia damu iko mfukoni. Siku nzima anatazama juu. Mpandaji akipaza sauti “Nakata!”, yeye anaangalia eneo, kisha anajibu “Salama!” Asipojibu, hakuna kinachokatwa. Siku nyingi hakuna kinachotokea, na hapo ndipo mwenye kulipa anapouliza: huyu naye tunamlipia nini?

Ndugu Mgeni Rasmi, swali hilo tumelisikia tukiwa kwenye mazoezi ya kazi, na tumeona jibu lake likiwa ni kumpunguza. Mahali pamoja, ambapo hatutapataja, wawili wetu walikuta mpandaji yuko juu na chini yuko dereva peke yake, akiingiza matawi kwenye mashine ya kusaga huku kelele zimemziba masikio. Kamba ya mpandaji ilikuwa imelala hatua mbili kutoka kwenye mdomo wa mashine. Mashine hiyo ikinasa kamba haiulizi upande wa pili kuna nani. Wenzetu waliivuta kamba pembeni, wakasimama hapo mpaka mpandaji akashuka. Siku ya pili hawakuitwa kazini.

Maombi yetu ni haya. Kwenye kila mkataba wa miti utakaopita mezani kwako, tunaomba pawe na mstari mmoja unaomtaja mpandaji wa uokoaji, na gharama yake isimame peke yake, isije ikaliwa na punguzo la bei. Tunaomba pia kazi isipimwe kwa idadi ya miti kwa siku, kwani mti mmoja ulio juu ya paa unaweza kuchukua siku mbili na ikawa ni kazi iliyofanywa vizuri. La tatu tunalitaja kwa haya kidogo: barua nyingi huagiza miti “ikatwe vichwa”. Mti uliokatwa kichwa hutoa machipukizi mengi yaliyoshikiliwa juu juu tu, na baada ya miaka michache hayo ndiyo yanayoanguka. Tuulizwe kwanza, tutapendekeza matawi ya kupunguza.

Chuo nacho kina upungufu wa mikanda ya kupandia. Tuko wanafunzi wengi kuliko mikanda, na mkanda uliopita umri wake hauazimwi mtu. Mkuu wa Chuo anayo orodha kamili.

Ndugu Mgeni Rasmi, baada ya risala hii tutakuomba utoke nasi hadi kwenye mti mkubwa ulio nyuma ya karakana. Mwenzetu mmoja yuko juu tayari, amejilegeza kana kwamba amezirai. Wa pili amekaa chini, na kwa macho yako utaona amekaa bure. Tunaomba ushike saa, na utakaposema “anza”, hesabu wewe mwenyewe dakika zitakazopita mpaka miguu ya yule wa juu iguse ardhi.

Tunaomba kuwasilisha.