Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wa wazee wetu

Wapendwa wanachama wa chama chetu cha kuokoa mbwa hamjambo, poleni na joto la Mombasa, na asanteni kwa kuvumilia meseji zangu za usiku za kuomba dawa, usafiri na mahali pa kulaza mbwa.

Mtakumbuka mkutano wa mwaka jana tulibishana sana kuhusu wazee. Nikisema wazee namaanisha mbwa waliopita miaka kumi, vipofu, wa miguu mitatu, na wale weusi wakubwa ambao mtu akija bandani anawapita tu maana kaambiwa mbwa mweusi ana jini. Wengine mlitaka tuendelee kuwatafutia watu wa kuwachukua, mimi nikasema hakuna anaekuja jamani, kitoto cha miezi miwili kinaondoka siku hio hio alafu mzee anabaki mpaka anafia kwenye simenti. Mkanikubalia tujaribu mwaka mmoja, mzee akija tusimtangaze tena, aende moja kwa moja kwa mwanachama akakae hapo mpaka siku yake ya mwisho, chakula juu ya mwenye nyumba, veti, yaani daktari wa mifugo, na dawa juu ya chama. Sasa majibu ni haya, tulipokea wazee tisa, wanne tumewazika na watano wapo, na hakuna hata mmoja aliefia bandani. Kwangu mimi hilo ndio la mwaka huu.

Niwaambie habari za Simba maana wengi mlimuona kwenye picha tu. Alilinda godauni miaka na miaka, alipochoka nyonga wakamfungulia geti akajitegemee. Meno ya mbele yalikua yameisha kabisa, yamebaki vijisiki, veti akasema ndivyo wanavyokua mbwa waliofungiwa wakawa wanatafuna waya. Dada yetu wa Kisauni akamchukua, tuktuk tatu zikamkataa, ya nne dereva akatandika gunia mwenyewe akasema mpandisheni mzee. Sasa usiku wa kwanza halali, kila baada ya muda anainuka na ile nyonga yake mbovu, anazunguka ukuta mzima, anasimama getini anasikiliza, anarudi. Anapiga raundi! Hakuna aliemwambia kazi imekwisha. Dada akawa anatoka na kigoda anakaa nae pale getini anamwambia lala baba, mimi niko macho. Wiki tatu hivo. Alafu usiku mmoja dada akashtuka kusikia kimya, akatoka mbio akijua amekufa, akamkuta amelala chali kwenye jamvi anakoroma. Aliishi miezi saba tu baada ya hapo, na dada alimshika kichwa mpaka mwisho, na ninajua mpaka leo hajaweza kuliondoa lile jamvi. Dada yangu, chama kizima kinakushukuru.

Kwenye hesabu, mwekahazina atawasomea mwenyewe, mimi ntasema tu kwamba pesa nyingi zimeliwa na kupe. Homa ya kupe huku pwani haina likizo na mzee haihimili kama kijana, ukiona fizi zimekua nyeupe au damu inatoka puani usingoje kesho. Na ile doksi, vidonge vya homa hio, veti akisema siku 28 ni 28, tumekua na wawili waliorudi kuugua kwa sababu mbwa alianza kula siku ya tano vidonge vikawekwa kabatini.

Kuna kosa moja lazima nilikubali mbele yenu na ni letu sisi kamati. Mwanachama alimuona mzee wake anashindwa kusimama asubuhi, akamhurumia, akampa aibuprofeni yake mwenyewe. Mbwa akatapika damu, tukampeleka usiku, Mungu saidia akapona. Mwanachama hana hatia, hakuna aliemwambia kwamba hizo dawa za maumivu za watu zinamtoboa mbwa tumbo na kumuua figo, mbwa ana zake za baridi yabisi na veti ndie anaepima kipimo. Kuanzia sasa kila mzee anaondoka na karatasi ya maelezo. Na kwenye karatasi hio tumeandika pia kitunguu, jamani mabaki ya pilau na biriani msiwape, kitunguu kinaua damu. Sima laini na dagaa waliochemshwa bila chumvi inamtosha hata asie na meno.

Nashukuru sana wanachama wetu Waislamu, maana watu wa nje huniuliza wanawezaje. Wanaweza vizuri tu, mbwa ana banda lake uani, sahani yake, mahali pake pa kuoga, na chombo cha nyumbani akikiramba kinaoshwa mara saba, moja kwa mchanga, kama walivyofundishwa. Mwanachama wetu mmoja wa Likoni alinikumbusha hadithi ya yule mtu alieshuka kisimani akajaza maji kiatu chake akamnywesha mbwa anaehema kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Yeye mwenyewe sasa anakaa na Pili, mbwa wetu wa miguu mitatu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa wote tisa walipata. Msidhani mzee haihitaji, ili ugonjwa usisambae mtaani inatakiwa mbwa 70 kati ya 100 wawe wamechanjwa na wetu wanahesabiwa humo. Tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, naomba kila mmoja aje na mbwa wa jirani pia.

Ninachoomba mpige kura leo ni mpango huu uwe wa kudumu na mfuko wa dawa za wazee utengwe usiguswe kwa mengine.

Na kuna mmoja anangoja sasa hivi. Anaitwa Bibi, jike jeusi, macho yote yana ukungu haoni. Anahitaji ua lenye geti linalofunga na watu wasiohamisha hamisha vitu, na umuite jina kabla hujamgusa asishtuke. Anapenda kukunwa nyuma ya sikio la kulia. Banda la pili mkono wa kushoto, nipo hapo mpaka saa kumi na mbili jioni.