Kui, naomba ushike ufunguo wangu

Kui wangu,

Habari za siku nyingi? Watoto wako wazima, na mguu wa mama umepona? Najua tumenyamaziana tangu yale mambo ya chama na mimi ndiye nilifaa kupiga simu kwanza, hiyo tutaongea tukikaa chini. Saa hii nakuandikia juu nina shida na sioni mwingine wa kuambia.

Tarehe 14 tunatoka kwenda Bungoma. Harusi ya Nekesa ni tarehe 21, tukimaliza tunakaa Krismasi huko, kurudi ni tarehe 4 Januari. Wiki tatu nyumba haina mtu. Na juzi usiku wamevunja nyumba kwa ile ploti ya nyuma yetu, mwenyewe alikuwa ameenda ushago kuzika, siku tatu tu. Tangu hiyo siku silali.

Unajua venye nilifanyiwa mimi, lakini kuna kitu sikuwahi kukueleza vizuri, nilikuwa nalia tu TV na mtungi wa gesi. Kui, hao watu hawakuja usiku. Walikuja saa nne asubuhi na mkokoteni. Mama Brayo aliwaona kwa macho yake, alikuwa anaanika nguo, wakamsalimia, na mmoja akamwomba asonge kidogo kwa ngazi wapitishe godoro. Akasonga. Niliporudi akanishika mkono machozi yakimlengalenga akaniambia, "Mama Baraka, mimi nilidhani unahama."

Hilo neno halijanitoka. Juu sikuwa nimemwambia nasafiri. Kila mtu alikuwa ameniambia usiambie majirani, usiambie mtu, basi nikatoka saa kumi na moja alfajiri kama mtu anayetoroka deni. Lakini soja wa geti aliniona na mabegi, mtu wa boda alinibeba mpaka stegi akaniuliza narudi lini nikamwambia, na tulipofika Nakuru nikapost kwa status picha ya watoto wakila mahindi choma dirishani kwa basi. Hiyo status inaonwa na watu wangapi? Hata fundi wa kabati ako na namba yangu. Wale hawakufaa kujua wote walijua, na yule angeuliza "nyinyi ni nani na mnapeleka wapi hizi vitu" ndiye peke yake sikumwambia.

Kwa hivyo safari hii nimeenda kwake mwenyewe, jioni, nimekaa kwa kiti nikamwambia tarehe ya kwenda na ya kurudi, na nikamwambia hakuna anayehama, kikitoka hata kijiko apige nduru. Nimemwambia pia kuna dada yangu Kui atakuwa anakuja. Ndiyo nakuomba sasa. Kubali tafadhali.

Kutoka kwako Donholm mpaka hapa Umoja ni boda tu, nauli nitakutumia kwa M-Pesa. Nataka uje mara mbili au tatu kwa wiki, jioni giza likiingia, uwashe taa ya sitting room, ufungue pazia kidogo, ukae hata nusu saa uongee kwa simu kwa sauti. Siku moja moja ulale kama unaweza. Nilikuwa nafikiria kuacha taa ikiwaka wiki zote lakini taa inayowaka saa sita mchana siku nne mfululizo inaambia kila mtu hakuna mwenyewe. Na ile kufuli ya nje sitaki kabisa. Ile ya zamani bado ninayo kwa droo ya jikoni, wameikata mara moja tu hapo kwa shingo, pamekatika safi mpaka panang'aa. Ukipita kwa ngazi za hii ploti ukiona kufuli inaning'inia nje unajua ndani hakuna mtu, hata huhitaji kugonga. Nimeweka kitasa kipya cha ndani ya mlango, funguo ni mbili tu, yangu na yako, keateka hana. Ya zamani sijui hata waliokaa hapa kabla yangu walibaki na ngapi.

Nguo mbili tatu za kazi nitaziacha kwa kamba, zigeuze geuze. Patipati za Baba Baraka zitakuwa mlangoni.

Maji, Kui, usisahau. Huku yakipotea watu wanaacha mfereji wazi halafu yanarudi usiku, chini kwa Mama Brayo ikawa mto. Nitafunga yote lakini ukiosha mikono hakikisha tena. Gesi nitatoa regyuleta, friji nitachomoa. Stima ikikuishia nitumie meseji, nitanunua tokeni nikiwa huko huko nikutumie zile namba 20 uingize.

Ukikuta mlango umeguswa, usiingie! Usijaribu kuwa shujaa, shuka kwa Mama Brayo na mpige 999 ama 112. Vitu vitanunuliwa. Safari hii nimepiga picha TV na namba yake ya nyuma, na risiti, juu ile siku nilipoenda kuripoti waliniuliza namba ya TV nikabaki kuwaangalia, nikatoka na OB namba, ile ya kitabu cha polisi, kwa kikaratasi na hakuna kilichorudi.

Jana nilikuwa napanga nguo za Baraka nikakuta viatu vya shule chini kabisa ya begi. Nikamuuliza Bungoma unaenda kusomea wapi, akasema anabeba ndio visiibiwe tena. Miaka minane, Kui. Niliviacha tu humo.

Sasa niambie, utakuwa Nairobi Krismasi ama mnaenda Nyeri? Kama mnaenda, ni tarehe gani, ndio nipange na Mama Brayo hizo siku? Utaweza kulala hata usiku wa tarehe 31, venye huwa na kelele ya mwaka mpya hata mtu akivunja mlango hakuna atakayesikia? Bado una ile namba yangu ya zamani ama nikutumie mpya? Na bado umenikasirikia? Alhamisi nikitoka kazi nipitie kwako na ufunguo, utakuwepo saa ngapi? Nitauleta mimi mwenyewe, sitautuma na mtu.

Ni mimi wako,
Mama Baraka