Kwa nini piano, na si bendi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Swali lako nimelikalia kitako, maana halijibiki kwa mstari mmoja: ilikuwaje baa za kifahari za mashoga mjini New York zikashikamana na piano, wakati mji ule ulijaa tarumbeta na saksofoni? Wengi hujibu kwamba wateja wale walipenda mno nyimbo za tamthilia za Broadway. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine imo katika sheria.

Mwaka 1926 halmashauri ya mji ilipitisha sheria ya kabareti. Mahali popote palipouza chakula au kinywaji na kuweka muziki au dansi palihitaji leseni ya peke yake. Baadaye ikalegezwa: aliyetaka muziki wa kusindikiza chakula tu, bila dansi, hakuhitaji leseni hiyo, mradi chombo kiwe piano, ogani, akodioni, gita au kingine cha nyuzi. Vyombo vya kupuliza na ngoma vikabaki nje. Mwaka 1961 sheria ikaruhusu wapigaji hadi watatu, wasizidi hapo. Sasa mfikirie mwenye baa ambaye wateja wake ni wanaume wapendao wanaume. Kila leseni anayoomba inamletea mkaguzi mlangoni, na mkaguzi ndiye mgeni asiyemtaka kabisa. Piano moja na mpigaji mmoja vilimpa muziki bila kugonga mlango wa ofisi yoyote ya kabareti.

Hofu yenyewe ilikuwa ya leseni ya pombe. Marufuku ya pombe nchini Marekani iliondolewa Desemba 1933, na mwaka uliofuata jimbo la New York likaunda mamlaka ya vileo yenye uwezo wa kufunga baa iliyohesabiwa kuwa ya fujo. Kwa miaka mingi, mashoga kukaa pamoja tu kulitosha kuitwa fujo. Polisi waliovaa kiraia waliingia, wakajifanya wateja, wakangoja mtu awatupie neno la kutongoza. Ndiyo maana suti na tai zilitiliwa mkazo katika baa za juu: mtu wa nje akichungulia, aone watu waliotoka ofisini. Katika baa ya Hotel Astor, Times Square, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mashoga walikuwa na upande wao wa kaunta, na waliachwa kwa amani ilimradi wasijionyeshe.

Hapo ndipo naona piano ilifanya kazi ambayo haisemwi sana. Wanaume kumi wakikaa wakitazamana, wanazua maswali. Wanaume kumi waliozunguka piano wanatazama vidole vya mpigaji. Wana sababu ya kukaribiana, wana sababu ya kutabasamu, na wimbo unasema mengi ambayo mdomo ungeponzwa nayo.

Miaka ya 1940 na 1950 baa za namna hii zilisongamana upande wa mashariki wa Manhattan, kando ya Third Avenue, na kwa kuwa kadhaa zilikuwa na majina ya ndege (Blue Parrot, Golden Pheasant, Swan) watu waliuita mtaa ule mzunguko wa ndege. Treni ya juu ya Third Avenue ilisimamishwa mwaka 1955, na baada yake mtaa ukapanda bei.

Ya katikati unayajua. Tarehe 21 Aprili 1966 wanaharakati wa Mattachine, chama cha kutetea haki za mashoga, nao wamevaa suti na tai, waliingia baa ya Julius', wakajitambulisha kuwa ni mashoga, wakanyimwa kinywaji, na shauri hilo likaanza kuidhoofisha desturi ya kuwakatalia. Miaka mitatu baadaye ikaja Stonewall, baa ambayo wateja wake waliwapinga polisi waliokuja kuwakamata. Angalia tofauti: Stonewall walicheza dansi kwa santuri za mashine ya sarafu, na hapakuwa mahali pa tai.

Sasa njoo kwenye Townhouse, baa ya mashoga yenye piano, iliyofunguliwa mwaka 1989 kwenye nambari 236 East 58th Street, karibu na njia zile zile za zamani. Tarehe hiyo ndiyo inayonivutia. Kati ya 1986 na 1988 mahakama ilibomoa vikwazo vya aina ya vyombo na idadi ya wapigaji. Kwa hiyo Townhouse ilipofungua milango, hakuna aliyewalazimisha kuweka piano. Waliichagua. Sharti lililozaliwa na hofu lilikuwa limekwisha kugeuka mila, na katika mwaka ule ukimwi ulikuwa ukiwamaliza watu wa mji ule, wakiwemo wapigaji waliozijua nyimbo hizo kwa moyo. Mila bila mtu wa kuirithisha hufa, na chumba chenye piano ni mahali pa kuirithisha.

Kwa kuwa wewe ni mpigaji, haya ya ufundi yatakufaa. Katika chumba cha namna hii kifuniko cha piano hufungwa, au huinuliwa kidogo tu. Watu wa viti viwili mbali wawe wanaweza kuzungumza bila kupaza sauti. Nyimbo zilizotungiwa waimbaji wa jukwaani huwa juu mno kwa sauti ya kawaida ya mwanaume, basi mpigaji hushusha ufunguo, yaani kimo cha wimbo mzima, toni moja au mbili, wakati mwingine zaidi, na hufanya hivyo papo hapo bila karatasi. Akishindwa hilo, wateja watanyamaza kwenye kiitikio. Bilauri pana ya bakshishi hukaa juu ya piano, na ndani yake mpigaji hutanguliza noti mbili tatu zake mwenyewe. Ikiwa tupu huendelea kubaki tupu.

Adui ni glasi. Kinywaji chenye sukari kikimwagikia vibonyezo, kikikauka, vinanata na havirudi juu. Ndiyo sababu ya ile kaunta nyembamba inayojengwa kuizunguka piano: glasi zikae nje ya mwili wake. Moshi wa sigara ulikoma Machi 2003, sheria ilipokataza. Kinachobaki ni majira. Wakati wa baridi mabomba ya joto hukausha hewa, ubao wa sauti husinyaa, na nyuzi zake takriban 230 hushuka sauti. Kiangazi chenye unyevu ubao huvimba na sauti hupanda. Baa makini humwita fundi wa kutuni (kurekebisha sauti za nyuzi) kila majira yanapogeuka, na katikati yake pia.

Piano ya hotelini kwenu Mombasa ina shida ya upande mmoja: unyevu mwaka mzima, na chumvi ya bahari juu yake. Isogezeni mbali na dirisha na mbali na mkondo wa kiyoyozi, na mwulize fundi kuhusu kifimbo cha umeme cha kupasha joto ndani yake. Vibonyezo vikianza kuwa vizito mkononi, hiyo ni dalili ya kwanza. Kutu kwenye nyuzi hufuata, na nyuzi zenye kutu hukatika fundi anapozivuta.

Niandikie ukishaikagua.

Wako daima.