Wigan hawachezi Six Nations

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu michezo ikiwa na ukurasa mmoja tu, na makosa mengi nimeyameza kimyakimya. La Jumatatu limenikwama kooni.

Mnaikumbuka ripoti yenyewe, ile ya mechi ya Ijumaa Kuu kati ya Wigan na St Helens, klabu za kaskazini mwa Uingereza. Mwandishi wenu aliingiza uwanjani wachezaji 15 kila upande, akampa kijana mwenye jezi nambari 1 kazi ya propu, yule msukumaji wa mstari wa mbele, akahesabu kila trai (mpira kugusishwa chini nyuma ya mstari wa goli) pointi tano, kisha akatuarifu kwamba vijana hao sasa wanajinoa kwa Six Nations. Six Nations, mashindano ya timu za taifa za Ulaya katika raga ya wachezaji 15, huisha Machi. Na hata ingekuwa inaanza kesho asubuhi, Wigan na St Helens haiwahusu hata chembe. Hao wanacheza raga ya wachezaji 13.

Nadhani najua ajali ilitokea wapi. Mtu wa meza ya michezo aliona maneno rugby league, akayatafsiri "ligi ya raga", basi akadhani ni jedwali la mashindano ya raga hii yetu ya 15. League hapo ni jina la mchezo. Ligi yao inaitwa Super League, na tangu 1996 huchezwa kiangazi.

Tuanze na jezi, maana picha mliichapisha wenyewe na nafasi ya kuitazama mlikuwa nayo. Katika raga ya 15 nambari huanzia mbele: 1 na 3 ni mapropu, 2 ni huka katikati yao, 9 ndiye anayeutoa mpira nyuma ya skramu, lile fungu la wanaosukumana kuugombea mpira, na 15 ni fulubeki, mlinzi wa nyuma kabisa. Katika raga ya 13 huanzia nyuma: 1 ni fulubeki, 2 na 5 mawinga, 6 na 7 ndio waendeshaji, 8 na 10 mapropu, 9 huka, na 13 hufunga skramu ya watu sita badala ya wanane. Yule kijana mliyemsifu kwa kubeba uzito wa skramu kazi yake ni kudaka mipira ya juu. Hata shingo ya upropu hana.

Pointi za raga ya 13 ni hivi: trai ni nne, mkwaju unaofuata trai ni mbili, penalti ni mbili, na dropu, teke la golini baada ya mpira kudunda, ni moja. Za raga ya 15 ni tano, mbili, tatu na tatu. Ndiyo maana trai na mikwaju mliyoorodhesha haikufika popote karibu na matokeo mliyoweka kwenye kichwa cha habari hiyohiyo. Mngejumlisha tu mngeshtuka.

Uwanjani tofauti haihitaji darubini. Aliyeangushwa katika raga ya 13 anasimama, anauweka mpira chini na kuurudisha nyuma kwa mguu kwa mwenzake, huku walinzi wakitakiwa kurudi mita 10. Timu ikikabwa mara sita inaupoteza mpira, kwa hiyo baada ya mara ya tano karibu kila mtu hupiga teke. Mwandishi wenu aliita mateke hayo "woga wa Wigan". Katika raga ya 15 aliyeangushwa anauachia mpira pale chini, watu wanarundikana kuugombea, na hakuna anayehesabu.

Hayo yote ningeyasamehe. Lililonitoa usingizini ni kile kisanduku cha pembeni mlichokipa jina la "Je, Wajua?", kilichosema raga hizi mbili ziliachana kwa kutofautiana kuhusu sheria. Sheria zilikuja baadaye! Walioachana waliachana kwa ajili ya shilingi sita. Wachezaji wa Yorkshire na Lancashire walikuwa wachimba makaa, watu wa viwanda vya nguo, makuli wa bandarini; Jumamosi asubuhi walikuwa kazini, na mechi ya ugenini ilimaanisha kuacha zamu na kukatwa ujira. Klabu zao ziliomba ruhusa ya kuwafidia ujira huo uliopotea. Mwaka 1893 James Miller wa Yorkshire akalipeleka ombi kwenye mkutano wa chama cha raga cha Uingereza huko London, likaangushwa kwa kura 282 dhidi ya 136, nyingi zikiwa za mabwana ambao hakuna msimamizi wa zamu aliyewahi kuwaita majina. Tarehe 29 Agosti 1895 klabu za kaskazini zikakutana katika George Hotel, Huddersfield, zikajitoa, na msimu wao wa kwanza ukaanza mwezi uliofuata na klabu 22, kila mchezaji akiruhusiwa fidia isiyozidi shilingi sita kwa siku. Mchezo walianza nao uleule wa 15. Walianza kuupunguza kwa sababu sasa pesa ya mlangoni ndiyo iliyolipa watu, na mtazamaji halipi kiingilio ili atazame migongo: lainauti, ile mistari miwili inayorukia mpira unaorushwa kutoka nje, ikatupwa 1897, na 1906 wakaondolewa wachezaji wawili kila upande, wale mnaowaita maflanka, ili uwanja upumue. Upande wa pili nao ukajibu kwa kufuli. Aliyegusa raga ya 13, hata kwa majaribio ya siku moja bila kulipwa, hakuruhusiwa tena kucheza ile ya 15 maisha yake yote. Vijana wa Wales waliopanda kaskazini kutafuta riziki walijua kwamba mlango umefungwa nyuma yao. Billy Boston, mtoto wa Cardiff, alikwenda Wigan 1953, akafunga trai zaidi ya 500, na ilibidi ingojewe 2025 ndipo yeye awe mchezaji wa kwanza wa raga ya 13 kuitwa Sir. Na kufuli lenyewe lilikuwa na ufunguo walipoutaka: wakati wa vita askari wa pande zote mbili waliruhusiwa kucheza pamoja. Mwaka 1943 uwanjani Headingley, Leeds, na 1944 Bradford, timu ya watu wa 13 ilipambana na ya watu wa 15 kwa sheria za 15, ikashinda 18-11, kisha 15-10. Vita vilipokwisha, kufuli likarudi. Tarehe 26 Agosti 1995, siku tatu kabla ya miaka mia moja ya Huddersfield kutimia, raga ya 15 nayo ikatangaza kwamba wachezaji wanaweza kulipwa. Hayo ndiyo mnayoyaita kutofautiana kuhusu sheria.

Mwenye shaka kama huu ni uhasama wa mikoa ashike ramani. Barabara ya M62 kutoka Liverpool kuelekea Hull itampitisha karibu na St Helens, Warrington, Huddersfield, Leeds, Wakefield na Castleford: nchi ya 13. Akitaka ya 15 ateremke Leicester, Northampton, Gloucester na Bath. Ufaransa walikwenda mbali zaidi. Serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani wakati wa vita, iliipiga marufuku raga ya 13 mwaka 1941 na kuzichukua mali zake. Leo Perpignan ina klabu mbili kubwa, Catalans Dragons wa 13 na USAP wa 15, kila moja na uwanja wake.

Na tukiwa hapo kwenye raga, mtuambie Kenya Cup, ligi kuu ya raga ya 15 hapa kwetu, imewakosea nini. Tunapewa mistari mitatu chini ya ukurasa, jirani na matangazo ya vifo, bila majina ya wafungaji, wakati ligi ya tatu ya soka ya Uingereza inapata jedwali zima hadi timu ya mkiani. Watu wanakaa juani pale uwanjani Ngong Road, Nairobi, kuanzia mechi ya timu za akiba. Wanastahili kujua kesho yake nani alipiga mkwaju.

Dawa ninayo. Kateni kadi ya ukubwa wa bahasha, muibandike kwenye kompyuta ya mhariri wa zamu, iwe na maswali manne. Skramu ina wangapi? Fulubeki amevaa nambari gani? Mpira ukitoka nje, kuna lainauti? Aliyeangushwa ameurudisha mpira kwa mguu? Majibu mawili yakielekea 13, neno Six Nations lifutwe kabla ukurasa haujaenda mtamboni. Atakayeikosea kadi akatwe shilingi sita kwa kila kosa. Kwa hesabu yangu ya ripoti ya Jumatatu pamoja na kisanduku chake, mwandishi wenu anadaiwa 36.

Msomaji wenu,
Nakuru